Kisu Kirudi Koponi

"Wembe una pengo," shangazi alisema, akaacha kukata.

Mimi sikuona pengo lolote. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya meza, macho yangu mazima, na nilichoona ni kisu cha gurudumu, ndugu wa kile cha kukatia piza, kikipita kando ya rula juu ya kitenge cha bluu. Yeye alikuwa anasikiliza. Wembe mzima ukipita kwenye pamba hutoa mchakacho mmoja mfululizo, kama nyayo kwenye mchanga mkavu. Huu ulikuwa na tik ndani yake. Mchakacho, tik, mchakacho, tik. Akafunga kisu, akakirudisha kwenye kopo, kisha akapitisha ukucha kwenye njia aliyokata. Ukucha ukakwama. Uzi mmoja ulikuwa haujakatika. Akaendelea mbele, ukakwama tena, na tena. Kati ya uzi na uzi akaweka kiganja, akaongeza vidole vitatu. "Umeona? Kila mzunguko unaruka mmoja."

Kisu chake ni cha milimita 45. Baadaye nilipiga hesabu kwa kalamu: duara la milimita 45 likibingirika mara moja huenda milimita 141, yaani sentimita 14 na kidogo. Kiganja na vidole vitatu.

Shangazi anakaa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa fundi cherehani wa kila kitu: sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, kanga za kupinda. Siku hizi hapokei nguo za watu. Anashona mifarishi ya viraka, ile ya kutandika na kujifunika, tabaka la juu likiwa vipande vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu, katikati pamba, chini shuka. Mabaki ananunua kwa mafundi wenzake kwa kilo. Mfarishi mmoja unamchukua miezi 2, wakati mwingine 3, na miraba yake ni ya inchi 2.5 kabla ya kushonwa, inchi 2 baada ya mshono kula haki yake. Nataja vipimo hivi kwa sababu jicho lake la kulia halioni kabisa, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba la karatasi.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Hauumi, haubishi hodi. Mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo hufa polepole, kuanzia pembeni, na kwa kuwa katikati kunabaki kuzuri kwa muda mrefu, mtu huendelea kusoma na kutunga uzi kwenye sindano huku pande zote zikiliwa. Kilichopotea hakirudi. Matone anayotia kila usiku kazi yake ni kulinda kilichobaki. Jambo hili huandama koo, na linatupata sisi watu weusi kwa wingi na mapema zaidi kuliko wengine, ndiyo maana shangazi hakupumzika mpaka baba yangu, kaka yake, akaenda kupimwa. Mimi mwenyewe nilikwenda baada ya kusukumwa mara tatu.

Watu walimwambia apumzike. Wengine, waliotaka kumsifu, walimwambia kwamba Mungu akichukua hiki hutoa kile, kwamba sasa vidole vyake vina macho. Maneno haya hayapendi. Aliwahi kuniambia, "Vidole vyangu ni vilevile, tena vimeunguzwa na pasi ya mkaa tangu ujana. Usiwape watu habari za miujiza." Nami kwa kweli nilikuwa njiani kuzitoa. Ilinibidi nikae naye siku nyingi, kimya, mikono nyuma, ndipo nikaanza kuona anachofanya hasa.

Kwanza, kazi yake ya kukata inaanza bila kisu. Anachukua pande la kitenge, analikamata kwa mikono miwili, analivuta kwa ghafla. Kwa urefu, kwenye mtande, kitambaa hujibu pa! kavu, bila kulegea. Kwa upana, kwenye mshindio, kinavutika kidogo, na sauti yake ni nzito zaidi. Akikivuta hanamu kinanyumbuka kama mpira na hakisemi kitu. Kwa mivuto hiyo mitatu ameshajua kitambaa kimelala vipi, jambo ambalo mafundi wengi wenye macho hulitafuta kwa kukiinua dirishani. Kisha anatia mkasi ukingoni, mkato mfupi kama wa kucha, anashika pande mbili na kuchana.

Nilishtuka mara ya kwanza. Kuchana kitambaa kulisikika kwangu kama uharibifu. Lakini pamba iliyofumwa kwa ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, ikichanwa haina pa kwenda ila kuufuata uzi uleule ilioanzia. Hakuna rula inayoshinda hapo. Mstari aliouchana ni mnyofu kwa sababu mfumaji kiwandani aliuvuta mnyofu. Ubaya wake ni kwamba kingo hutoka na manyoya, na milimita tatu nne za pembeni huwa zimevutwa na kukunjamana, kwa hiyo huchana mapande makubwa tu, kisha hizo kingo hukatwa na kutupwa. Na kuna bei nyingine: maua ya kitenge hayakuchapwa kila mara sambamba na nyuzi. Ukiufuata uzi, ua linaweza kulala upande. Yeye amechagua uzi. Ua likiinama linainama tu; uzi ukiinama utauvuta mshono, na baada ya kufua mara mbili mfarishi wote utakwenda mrama.

Baada ya kuchana, kanji. Anapika ya muhogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa, anachovya, anaanika, anapiga pasi kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo. Pasi anaikandamiza na kuinyanyua. Haiburuti, maana pasi inayoburutwa hukisukuma kitambaa hanamu na kazi yote ya kuchana inapotea. Kikitoka hapo kinakaa kama karatasi. Ukikigonga kwa kidole kinalia. Kitambaa kilicholegea hukimbia mbele ya wembe, hujikunja chini ya rula, na mtu asiyeona pembeni hana njia ya kujua. Cha kanji hakina ujanja huo.

Ndipo rula. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa.

Anazo rula tatu za plastiki ngumu, angavu, zenye unene wa milimita 3. Unene ni ulinzi: juu ya rula nyembamba, ile ya mwanafunzi, wembe hupanda kama baiskeli kwenye ngazi, na upande wa pili ndiko viliko vidole. Rula hizi zimejaa mistari na namba ndogo ambazo yeye hazisomi. Juu ya kitenge chenye maua mistari hiyo hupotea kabisa, na mwanga ukiipiga plastiki ndiyo basi. Zamani alipambana nazo kwa kioo cha kukuzia, akiinama mpaka pua iguse meza, mkono mmoja ukiwa na kisu kilicho wazi. Anaposimulia hilo hutikisa kichwa.

Alichofanya ni hiki. Alichukua kadi ya benki iliyokwisha muda, akaikata vipande vyembamba, na akamwita kijana wa jirani anayesoma ufundi ambaye ana kipimo cha chuma. Kijana akabandika kipande cha kadi chini ya rula ya kwanza, sambamba na ukingo wa kukatia, umbali wa inchi 2.5 kamili. Chini ya ya pili, inchi 3.5. Ya tatu, 4.5. Kisha kwa tupa wakazitia rula pengo mwishoni: moja, mawili, matatu. Sasa shangazi akitaka utepe wa inchi 2.5 anapapasa ncha, anapata pengo moja, anaiweka rula juu ya kitambaa na kuisukuma kushoto kwenda kulia mpaka kile kipande cha kadi kigonge ukingo wa kitambaa. Kinagonga, kinasimama. Hakuna namba ya kusoma. Anapitisha kidole cha shahada kwenye hicho kiungo kuanzia juu hadi chini kuhakikisha hakuna mahali kadi imepanda juu ya kitambaa, na basi, kipimo kimeshapatikana.

Yule kijana alikuja mara moja, saa nzima hivi, akanywa chai akaondoka. Macho yake yamebaki chini ya zile rula. Shangazi aliyaazima siku moja na anayatumia mwaka wa nne huu. Tangu nilipoliona hilo, kila nikiangalia kitu mezani pake najiuliza ni macho ya nani yamewekwa humo, na ya lini. Mengi ni yake mwenyewe, ya enzi alipokuwa akiona: violezo vya kadibodi, mikunjo ya kupima kola, fundo kwenye uzi wa kupimia.

Kwenye mgongo wa kila rula, sentimita 3 kutoka ukingo wa kukatia, seremala amebandika kwa gundi kipande cha mninga kilichosimama kama ukuta mdogo, kimo cha vidole viwili. Mkono wa kushoto unakaa nyuma ya ukuta. Wembe ukiasi na kuruka, utagonga mbao. Chini ya rula, kwenye pembe, kuna vipande vya tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Hivyo havikuhitaji mtaalamu.

Kisu chenyewe alitumiwa na binti yake aliyeolewa Maskati, pamoja na mkeka wa plastiki wa kukatia. Visu vya aina hii vilianza kutengenezwa Japani mwaka 1979 na kampuni ya Olfa ya Osaka, ileile iliyozaliwa kutokana na wazo la Yoshio Okada la mwaka 1956 la wembe unaovunjwa ncha butu kipande kwa kipande. Vilitengenezwa kwa ajili ya mafundi nguo, washona viraka wakavikimbilia. Kwa shangazi faida yake kuu si kasi. Mkasi, hata ukiulaza ubapa wake wa chini mezani kama inavyopasa, hukiinua kitambaa kidogo kila unapofunga kinywa, na kila kuinua ni nafasi ya kukosea. Kisu cha gurudumu hakiinui kitu. Kinataka kuegemezwa tu kwenye rula na kusukumwa.

Anasukuma akiwa amesimama, meza ikimfika kiunoni, kisu kikienda mbali naye. Hakirudi nyuma hata siku moja. Mkono wa kushoto hauwezi kuikandamiza rula nzima ya inchi 24 kutoka sehemu moja, kwa hiyo akifika katikati anasimama, kisu kikiwa palepale kimeuma kitambaa, mkono wa kushoto unatambaa mbele nyuma ya ukuta wake wa mninga, vidole kwanza, kiganja kikifuata, kama kaa. Ukishatulia, kisu kinaendelea. Tabaka mbili kwa mpigo. Nimeona watu wakikata sita au nane. Za chini hutoka na upana wao wenyewe.

Akimaliza mkato anafunga kisu kabla hajagusa kitambaa, na anakirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga lililo upande wake wa kulia. Hata kama atakihitaji tena baada ya pumzi mbili. Kikianguka hakidaki, anarudi hatua moja, anakiacha kianguke, kisha anakitafuta kwa wayo wa kandambili, taratibu, kabla ya kuinama.

Kuhusu kopo hilo nina la kukiri. Mwaka wa kwanza wa ziara zangu, nikitaka kuonekana msaidizi, nilikata ncha ya uzi kwa kisu chake nikakiweka kushoto, kikiwa wazi, kando ya rundo la vipande. Aliponyosha mkono kuchukua kipande, nilisikia akivuta pumzi. Nyuzi tatu kwenye kidole cha kati. Njia nzima ya kwenda hospitali hakunisema. Kesho yake asubuhi nilimkuta na nyundo, mkono umefungwa bendeji, akilipigilia kopo mezani kwa misumari miwili. "Kisu kirudi koponi," alisema. "Si kwa ajili yako peke yako, mwanangu. Hata mimi nitasahau siku moja." Tangu hapo mtu yeyote anayeingia chumba kile, mkubwa au mdogo, haruhusiwi kuhamisha kitu. Ukitaka kusaidia, kaa.

Chumba kina dirisha la mashariki, na meza ameiweka dirisha likiwa kushoto kwake. Asubuhi jua linaingia kwa ubavu, chini chini, na ukingo wa kitambaa hupata kivuli chembamba ambacho jicho lake lililobaki hukiona vizuri kuliko linavyoiona rangi. Rangi zimemchanganya. Bluu iliyokoza na nyeusi kwake ni mtu na ndugu yake. Kwa hiyo vipande vilivyokoza vina pini moja, vya kati mbili, vyeupe havina. Mjukuu wake ndiye anayepanga siku za Jumamosi, naye hulipwa kwa kila rundo, kwa kuwa shangazi anashikilia kwamba macho ya mtoto nayo ni kazi.

Jioni moja umeme ulikatika akiwa katikati ya mkato. Nilitazamia, kama mjinga, kwamba ataendelea, kwamba nitapata habari nzuri ya kuandika. Nilisikia kisu kikifungwa, halafu kikigonga bati la kopo. "Mbona umeacha?" nikauliza. "Gizani nikate vipi? Mimi si mchawi." Tukakaa tukisikiliza jenereta za majirani mpaka taa zikarudi.

Siku moja nilimsimulia habari za Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Wao huanzia pembeni, hubandika kiraka juu ya kiraka kwa kukunja na kushona, wakizunguka kuelekea katikati, bila rula na bila miraba iliyopimwa. Nilidhani nampa njia ya kupumzisha jicho. Alisikiliza kwa makini, akauliza uzi wao ni wa rangi gani, wanaweka pamba au nguo kuukuu katikati. Kisha akasema wale wanajua wanachokitaka na kazi yao lazima ni nzuri, lakini yeye anapenda pembe nne zikutane.

Na pembe nne hazisamehi. Kila mraba ukizidi milimita 1, safu ya miraba 20 itazidi sentimita 2, na safu ya jirani ikiwa imepungua, huwezi kuzishona pamoja ila kwa kuvutavuta na kudanganya. Nimemwona akikagua: anakunja safu mbili zikiangaliana, anasukuma mishono ya juu kulia na ya chini kushoto mpaka ifungamane kama meno ya zipu, anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makutano. Pasipo na ngazi, anapita. Penye ngazi ya uzi mmoja, anaiacha. Penye nyuzi mbili anachukua sindano, anafumua. Safu moja niliyoihesabu ilikuwa na makutano 19. Alifumua mawili, yote kwenye vipande alivyonunua vikiwa vimeshakatwa na mtu mwingine.

Narudi kwenye ule wembe wenye pengo. Kubadilisha wembe ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoiogopa kumtazama, na anaifanya polepole kuliko zote. Alitandaza taulo mezani ili kitakachoanguka kisibingirike. Akafungua skrubu, akapanga vipande vyake kwa mfuatano kwenye taulo, kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi vilivyotoka. Wembe wa zamani hakuushika kwa vidole; ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaigusisha, wembe ukanata. Ukaingia kwenye kopo la pili, dogo, lenye tundu jembamba kifunikoni, lile la nyembe zilizokufa ambalo likijaa hufungwa kwa selotepu na kuzikwa.

Nyembe mpya huja na mafuta, na mafuta huzinatisha. Ukichukua moja unaweza kuwa umechukua mbili bila kujua, na kisu cha nyembe mbili hukata kwa kukwama, mtu akazidisha nguvu, na nguvu ikizidi ndipo ajali. Aliinua wembe kwa sumaku, akauweka kwenye taulo, akaugusa ubapa wake katikati kwa kidole cha shahada na kuusogeza kidogo. Ulisogea. Chini yake kulikuwa na mwingine umebaki. Akaurudisha huo kwenye kasha, akafuta mafuta kwenye ule wa juu, kuanzia katikati kwenda nje, akavirudisha vipande vyote kwa mfuatano, kulia kwenda kushoto, akakaza skrubu, akailegeza nusu mzunguko.

Kisha akachukua kipande cha tambara, akaweka rula yenye pengo moja, akainamisha kichwa, akakata. Mchakacho mmoja, mwanzo hadi mwisho. Akakata tena palepale kando, akisikiliza. Akafunga kisu, akakirudisha koponi, akanyosha mkono kwangu bila kugeuka.

"Nipe ile bluu."

Nilizikuta mbili zilizofanana. Nilipapasa pini kabla ya kumpa.